Njia Laini ya Kwenda Kisimani

Jumapili, 8 Juni 2025

Kwikwi tangu jana alasiri. Nimekunywa maji nimeinama. Nimebana pumzi. Nimelamba sukari. Bado.

Aibu ya jana naiandika mara moja tu, kisha naisahau. Ilikuwa Idi. Nusu ya mtaa wetu wa Miembeni ilikuwa imehamia ufukweni na masufuria yake. Mimi, mke wangu Kokugonza, binti yetu Salma wa miaka kumi kwenye kiti mwendo chake, na Maulida, mtoto wa jirani anayekaa naye dawati moja. Shemeji Datius, kaka yake Kokugonza, alitufuata. Datius ni Mkatoliki, lakini tangu nioe dada yake hajawahi kukosa pilau ya Idi.

Wazo langu lilikuwa zuri: kumsukuma Salma mpaka majini aguse ziwa. Nilianza kwa mbio ili tupate nguvu. Salma akaanza kusema kitu, Baba geu... Nikamwambia ashike vizuri. Magurudumu ya mbele yakazama mchangani. Kiti kikasimama. Salma hakusimama.

Alitua kifudifudi, sahani ya pilau chini yake. Watu kama thelathini walisema Ya Rabi kwa pamoja. Salma alicheka, mchanga mdomoni, anacheka! Mimi sikucheka. Moyo haujarudi mahali pake mpaka leo. Datius alikifuta kiti kwa leso yake, akasema tu kwamba mchanga si sakafu. Mwalimu wa jiografia! Miaka yote ile chuoni ili ajue hilo. Maulida naye akamwambia Salma, kwa sauti ya kunifikia, kwamba siku nyingine waende bila mimi.

Leo mchana Salma ameuliza habari za kisima. Kile cha Rubya, kwa wakwe zangu, alikochota maji mama yake utotoni. Kila tukienda, watoto wa Datius wanateremka kibanjani kati ya migomba na mibuni, wanarudi wamelowa, wanachekea mambo wanayoyajua wao tu. Salma anabaki barazani na bibi yake, sahani ya karanga mapajani. Hakulalamika. Alisema tu, "Mimi Rubya naijua baraza."

Nikaahidi! Jumamosi hii, kisimani, na kiti chake, njia nitaitengeneza mimi. Kokugonza akaweka kijiko chini. Kijiko hicho nakifahamu.

Kabla sijameza tonge Salma alikuwa dirishani anamwambia Maulida. Maulida akauliza kama ni ahadi ya kweli au ni ya baba Salma.

Kwikwi imezidi.

Jumatatu, 9 Juni

Dukani mapema. Steshenari imelala, wanafunzi wako likizo, hivyo nina nafasi ya kufikiri. Nimetazama kwenye simu njia za matembezi za nchi za watu. Mbao kupitia msituni, vizuizi pembeni, familia nzima zinatabasamu, mtoto kwenye kiti mwendo anaonyesha ndege kwa kidole. Baba yake kasimama nyuma, mkono mmoja mfukoni. Mmoja mfukoni! Mimi yote miwili huwa inatoka jasho.

Nimechora ramani nyuma ya karatasi iliyoharibika. Baraza, migomba, mibuni, kisima. Imependeza sana. Nimeitolea nakala nne.

Datius akaja kudurufu mtihani wa kufungulia shule. Nilificha ramani, akaiona. Mashine ilikuwa inanguruma, mwanzo wa maneno yake sikuusikia, ila mwisho niliusikia vizuri: kwa kiti mwendo ni moja kwa kumi na mbili, shemeji, isizidi hapo. Nikaitikia kama mtu aliyelijua hilo tangu tumboni. Alipotoka nililiandika haraka. Moja kwa kumi na mbili. Nikalifikiria mpaka adhuhuri. Kisha likanifungukia: saa! Saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, isizidi hapo. Giza ni hatari kwa magurudumu. Ajabu, Datius leo kasema la maana.

Nimechapa bango: NJIA YA KISIMANI. KWA FAMILIA ZOTE. SAA 1 MPAKA SAA 12. ISIZIDI. Nimelitia laminesheni.

Salma alikuja dukani na mama yake. Akaingia tena kinyumenyume, magurudumu makubwa kwanza, hop, juu ya kizingiti. Nimemkanya mara ngapi? Wateja wawili wamesimama, mmoja mtu mzima kabisa, na mtoto anaingia anawapa mgongo. Akasema ana sababu, anaweza kunionyesha. Nikamwambia adabu haina sababu, na kwamba nimeshughulika na mambo yake.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda Rubya na kurudi. Baba mkwe, Ta Clavery kama anavyoitwa na kijiji kizima, alinipokea kwa kahawa ya kutafuna na mashaka. Tukaipima njia. Hatua mia moja na arobaini kutoka barazani mpaka kisimani. Niliteleza mara tatu, mara ya tatu nikakaa kabisa. Nimeandika kwenye daftari: makobazi mabovu.

Ta Clavery aliahidi majirani watang'oa visiki, watapanua na kushindilia. Hapo mama mkwe, Ma Vestina, akatoka jikoni. Mama huyu ni mtu wa adabu kupita kiasi. Mjukuu akipita mbele yake bila kupiga magoti kidogo, chakula kinachelewa. Yeye hupenda kuelezwa mambo mpaka mwisho. Aliuliza njia iweje hasa. Nikasema iwe laini. Akauliza laini kiasi gani. Hapo niliona nafasi ya kuonekana mkwe mwenye moyo. Nikamwambia laini sana, mama, kama pale unapomlaza mtoto.

Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili. Akasema nisiwe na wasiwasi, hilo analijua yeye.

Nilirudi mjini nikiimba. Kwikwi imekata! Nasubiri nione kama itarudi. Kuisubiri kumeirudisha.

Jumatano, 11 Juni

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi.

Wazo: jaribio. Mtu makini hajaribu kitu kwa mtoto wake kabla hajakijaribu kwa maharage. Salma alikuwa mkekani anasoma. Nilichukua kiti polepole, nikakipakia, nikaenda Kitendaguro, kwenye kile kiteremko cha karibu na kwa Datius. Nikafunga gunia la maharage kitini, uzito wa Salma kwa kukadiria. Nikafunga breki. Nikaachia mikono nione.

Breki ya kulia ilishika. Ya kushoto ilifikiri kwanza. Kiti kikazunguka, kikanipa mgongo, kikaondoka. Sikujua maharage yanaweza kwenda kasi vile. Kilipita mbuzi, kikapita mama mmoja aliyekuwa anaanua nguo, kikaingia kwenye migomba ya watu. Nilikikuta kimelala ubavu, gunia limekumbatia mgomba. Nikakaa chini. Nilichokuwa nakiona si gunia.

Breki ya kushoto ilikuwa imepinda. Nimeinyoosha kwa nyundo. Imenyooka vizuri, sijamwambia mtu.

Kurudi nyumbani, saa mbili zimepita. Salma yuko palepale mkekani. Alikuwa anataka maji. Alikuwa anataka na choo, ikabidi Maulida amwite mama yake mwenyewe kutoka ng'ambo ya barabara. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema, "Baba, mimi nikitaka viatu vyako huwa naomba."

Nilisema nilikuwa kwenye maandalizi. Hata mimi nilisikia lilivyotoka vibaya.

Ta Clavery kapiga simu. Njia imeshindiliwa, ngumu kama sakafu, imebaki kulainishwa tu. Nikasema wailainishe, wasifanye uchoyo.

Alhamisi, 12 Juni

Salma haongei nami. Yaani anaongea, lakini kwa heshima tupu, ndiyo baba, hapana baba. Kokugonza naye kaongea kwa wote wawili. Ameniuliza kama nimemuuliza Salma lolote kuhusu hii safari. Nikamjibu kwamba mgeni wa heshima haulizwi jinsi ya kupika karamu. Akasema Salma si mgeni wa kiti chake.

Nimemnunulia kengele ya baiskeli, nikaifunga kwenye mkono wa kiti. Aliipiga mara moja. Akasema ahsante baba. Alipogeuka kwenda ukumbini akaipiga tena mara mbili, akidhani sisikii. Nimepona kidogo.

Mama yake Maulida ameuliza kama Maulida avae viatu vya kutembea au vya kukaa barazani. Watu hawa! Madrasa nzima inajua kuhusu kisima. Salma amewaambia wote, hata ustadhi. Ustadhi kaniombea dua bila mimi kumwomba, tena ndefu.

Hofu zangu za leo, kwa mpangilio: kuanguka. Mvua, ingawa ni kiangazi. Siafu. Datius.

Ijumaa, 13 Juni

Baada ya swala nilimkuta Datius nje ya duka. Anataka kuja kesho, na anataka kuja na pimamaji, lile la mafundi ujenzi. Nikamwambia pimamaji la nini, jambo la moja kwa kumi na mbili nimelishughulikia kikamilifu. Alionekana kushtuka. Akanipa mkono! Akasema samahani shemeji, nilikudharau. Nilitembea mpaka nyumbani kifua mbele.

Jioni Salma akanisogelea. Akaanza: baba, kesho pale njia ikiwa na... Nikamwambia kesho ataona kwa macho yake, asiharibu utamu. Nilijua hajamaliza. Niliogopa atasema hataki kwenda. Ukweli ni huo, naandika hapa tu. Ningeweza kuvumilia yote ila hilo.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nimekaa barazani Rubya, jua bado liko juu ya mibuni. Mikono inauma. Nieleze kwa utaratibu.

Tulifika saa nne kwa Noah ya kukodi: mimi, Kokugonza, Salma, Maulida mwenye viatu vya kutembea, na Datius na watoto wake watatu. Ma Vestina uani na majirani zake sita, kanga mpya, nyuso zimeng'aa. Nyegera waitu, nyegera waitu, karibuni. Nikaomba tuione njia.

Nikaiona.

Nyasi! Kutoka ngazi ya baraza mpaka zinapopotea kati ya migomba, nyasi mbichi, zimelazwa upande mmoja kama ndani ya nyumba ya harusi, kina cha kifundo cha mguu. Hatua mia moja na arobaini! Wanawake saba wamekata tangu alfajiri ya jana. Zilinukia vizuri ajabu. Ma Vestina akasema nilitaka pa kumlaza mtoto, basi hapo hata mtoto wa Mukama, mfalme wa zamani, angelala.

Laini. Nilisema laini. Nilimaanisha sawa, tambarare, bila mabonde. Nani asingenielewa? Kila mtu, inaonekana.

Nikasukuma, maana ningefanya nini? Magurudumu ya mbele yakazama, nyasi zikayazunguka yakafungwa kabisa. Nikasukuma kwa nguvu zaidi. Kengele ikalia yenyewe. Kiti kikainama mbele, na Salma akashika mikono ya kiti kwa namna ambayo ningeijua popote. Ufukweni tena! Kwikwi ilikuja ya kunitikisa mwili. Datius wakati huo alikuwa amelifikia bango langu, nililolitundika Jumanne mwanzo wa njia. Alilisoma. Akalisoma tena kuanzia saa moja. Akatazama njia inavyoteremka, akatazama bango, kisha akakaa chini kwenye nyasi akaziba uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Baadaye alinieleza kwamba alizungumzia mteremko. Ukishuka kimo kimoja uende urefu wa vimo kumi na viwili. Yeye ndiye wa kulaumiwa, angesema mwanzo wa sentensi kwa sauti.

Nikasema basi nyasi ziondolewe. Nilisema kwa sauti.

Mama mmoja alikuwa bado na mundu mkononi. Ma Vestina alivuta kanga yake tu. Kuondoa nyasi alizotandikiwa mgeni! Kokugonza alinitazama kwa yale macho ya kijiko. Maulida akamtazama Salma. Watoto wa Datius walikuwa wameshatangulia, sauti zao zinatoka huko chini kwenye migomba. Salma akasema polepole kwamba hamna shida, anaweza kukaa barazani, karanga za bibi ni nzuri.

Hilo ndilo lililonivunja. Nilitaka nyasi zinifunike mimi.

Ma Vestina akaja. Yeye anayepigiwa magoti na wote akachuchumaa mbele ya kiti mpaka macho yao yakalingana. "Mjukuu wangu, wewe kiti chako unakijua. Twende vipi?"

"Nigeuzwe, bibi. Magurudumu makubwa yatangulie, nivutwe. Baba ashike mbele, aninyanyue kidogo. Ndivyo ninavyoingia dukani."

Nikaingilia. Haiwezekani, nikasema, aondoke amewapa mgongo wazee... Kokugonza alikuwa ameshageuza kiti. Salma alikuwa ametutazama sote, ana kwa ana, mgongo wake umeelekea migomba.

Ma Vestina akasimama taratibu. Akawaambia majirani zake kwa Kihaya, kisha kwangu kwa Kiswahili ili nisikose, kwamba huyu mtoto amefunzwa. Baba yake Ma Vestina, marehemu sasa, alimwambia kwamba kwa Mukama watu waliondoka hivi, uso kwa mwenyeji, mpaka nje. Akaniuliza ni nani aliyemfundisha. Nikasema tunajitahidi nyumbani. Kengele ikalia mara moja. Nadhani kwa makusudi.

Tukashuka. Datius na Kokugonza nyuma wanavuta na kuzuia, mimi mbele nimenyanyua sehemu ya miguu, natembea nimeinama kama mtu aliyebeba sufuria la moto. Magurudumu makubwa yalipita juu ya nyasi kana kwamba zimetandikwa kwa ajili yake. Mteremko ulikuwa mkali kweli, makobazi yangu hayakuwa na kosa. Salma alikuwa anaamrisha: kulia, mjomba. Polepole, mama. Baba, usininyanyue sana.

Hatua mia moja na arobaini uso wake ulikuwa mbele ya uso wangu. Sijawahi kumtazama muda mrefu hivyo bila kumwambia ashike vizuri. Ana kovu dogo juu ya nyusi, la tangu lini? Hakuwa na hofu hata kidogo. Hofu yote pale ilikuwa yangu, na alikuwa anaiona, nami nikaona kwamba anaiona. Akanitabasamia. Sikuwa na mkono wa kujifutia uso. Lilikuwa vumbi. Nyasi mbichi hazina vumbi, lakini lilikuwa vumbi.

Maji aliyasikia kabla ya kuyaona. Akainua kidole, tukanyamaza. Kisha Datius akaweka jiwe kwenye gurudumu, tukamgeuza.

Alikitazama kisima muda mrefu. Mawe matatu, bomba la mgomba, maji membamba. "Mbona kidogo?" akauliza. Kokugonza akasema wakati wake kilikuwa kikubwa. Salma akacheka, akainama, akatia mikono yote miwili mpaka viwiko. Maulida akamrushia maji, naye akarusha, na watoto wa Datius wakajiunga, na kwa mara ya kwanza nikasikia wanachekea nini. Si kitu! Hakuna kitu chochote. Wanacheka tu.

Kupanda tulimvuta vilevile nyuma kwanza, na yeye akawa anakiaga kisima kwa macho mpaka migomba ikakifunga.

Kwikwi imekata. Sikuona ilikata saa ngapi.

Jumapili, 15 Juni

Miembeni. Nimelala kama gogo. Nimeamka na akili safi.

Nikitazama nyuma, safari ya jana ilifanikiwa kwa sababu ya maandalizi. Nyasi zimethibitika: ukianguka huumii. Hakuna aliyeanguka, lakini angeanguka asingeumia, na wazo la laini lilikuwa langu tangu Jumanne. Kuhusu adabu pia Ma Vestina amenisifu mbele ya mashahidi sita. Na njia ilitumika kati ya saa moja na saa kumi na mbili, kama ilivyoandikwa. Datius acheke anavyotaka.

Maulida alipita asubuhi, akaniambia safari ilikuwa nzuri. Akauliza Salma atatupeleka wapi tena. Nimemsahihisha kwa upole kuhusu nani alimpeleka nani.

Sasa nina wazo kubwa zaidi. Ziwa! Salma hajaligusa ziwa bado. Si pale ufukweni penye mchanga, nimeshajifunza. Kuna ile njia ya Kitendaguro inayoteremka moja kwa moja, ngumu, safi, haina nyasi hata moja. Kwa kasi kidogo tungefika bila kusukuma kabisa, baba anatembea nyuma, mkono mmoja mfukoni. Nimechora ramani. Nimetoa nakala sita. Bango liko kwenye mashine.

Salma ameingia dukani sasa hivi, kinyumenyume, hop. Nimemkumbusha kwamba ile ya jana ilikuwa Rubya, kwa wakwe. Hapa mjini kuna wateja. Anasema amekuja kuniambia jambo kuhusu breki ya kushoto.

Nimemwambia asubiri kwanza, baba anapanga.

Bado anasubiri. Kwikwi imerudi, na leo sina hata sababu.